Bei Tatu za Jicho la Kalekye

Kwa miaka thelathini na moja Mutiso alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha magodoro huko Industrial Area, na katika miaka hiyo yote hakununua hata msumari mmoja bila kotesheni tatu. Ndiyo iliyokuwa sheria ya kiwanda: bei kutoka maduka matatu, zipangwe kwenye karatasi, zilinganishwe, ndipo mkubwa atie sahihi. Alipotimiza miaka sitini kiwanda kilimstaafisha, kikampa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri, ila ile sheria hakikumnyang'anya. Alirudi nayo nyumbani Kambi Muru, mtaani Kibera. Hakununua sukari kabla hajapita vioski vitatu, na mara nyingi aliporudi kwenye kile cha kwanza, chenye bei nafuu, alikuta sukari imekwisha. Kalekye, mkewe, alishazoea kunywa chai chungu huku akisubiri utafiti ukamilike.

Sasa Mutiso alikuwa na miaka sitini na saba, na safari hii utafiti haukuwa wa sukari.

Kalekye alishona sare za shule kwa cherehani yake iliyokaa mlangoni pa chumba chao. Kwanza alianza kumwomba mumewe amtungie uzi kwenye sindano. Kisha akaanza kuusogeza uso karibu na kitambaa mpaka pua ikawa inapigana na sindano. Mwezi wa pili alishona kola ya kijani kwenye shati la buluu, akamkabidhi mwenye shati kwa tabasamu, na mwenye shati akarudi nalo akipiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Kliniki walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia lilikuwa limeshaziba karibu lote. Wakamwandikia upasuaji tarehe ishirini na mbili Mei, katika hospitali moja ya misheni ambako madaktari wa macho huja mara chache kwa mwaka.

"Mkilipa pesa taslimu ni elfu sitini na tano," muuguzi aliwaeleza. "Mkiwa na bima, sehemu kubwa italipwa na bima. Lakini iwe imelipiwa kabla ya hiyo siku. Mkikosa hiyo nafasi sijui orodha nyingine itafunguliwa lini, na hilo la kushoto halitamngoja mtu."

Elfu sitini na tano hawakuwa nazo. Duncan, mtoto wao wa pekee, alikuwa Eldoret na karo za watoto watatu zikimning'inia shingoni. Walichokuwa nacho wao ni elfu tisa ndani ya kopo la majani chai, na wiki kumi.

"Niachie mimi," Mutiso alimwambia mkewe walipotoka.

Kalekye hakuwa amekiogopa kisu cha daktari. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomtia baridi.

Jioni hiyo hiyo Mutiso alinunua daftari kubwa jeusi, baada ya kuuliza bei katika maduka mnajua mangapi. Akalipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza: unacholipa. Safu ya pili: wanacholipia wao. Safu ya tatu aliipa nafasi pana kuliko zote: kinachotoka mfukoni mwako hata baada ya kulipa. Hapo, alimweleza Kalekye huku akigonga ukurasa kwa kalamu, ndipo makampuni huficha mambo yao. Kalekye aliitikia kwa kichwa akitazama upande ambao sauti ilitokea.

Kotesheni ya kwanza ilikuwa bima ya serikali. Usajili ulifanywa kwa kompyuta, na kompyuta ya karibu ilikuwa kwa Joan, msichana mwenye saiba ndogo ya mabati yenye dirisha moja. Mteja husimama nje ya dirisha, Joan hukaa ndani na spika ya simu sikioni, na kwa kuwa sikio moja liko kwenye muziki, Joan huuliza kila kitu kwa sauti ya kuita kuku. Foleni yote husikia. Siku hiyo foleni ilikuwa ya watu tisa, na aliyekuwa mara tu nyuma ya mgongo wa Mutiso ni Ndungu, fundi viatu, jirani ambaye wamekuwa wakishindana naye kwa miaka ishirini bila yeyote kukumbuka shindano lilianzaje. Wengine walikuwa watu waliozoea kumwita Mutiso "Mwalimu", kwa sababu tu hutembea na kalamu mbili mfukoni mwa shati.

"Mzee, nyumba yako iko na kuta za nini?" Joan aliuliza. "Mawe, mabati ama udongo?"

Swali la mtoto wa chekechea. Mutiso alikuwa amelala kwenye chumba cha udongo, kilichopigwa lipu upande mmoja, kwa miaka thelathini na minane. Alijua vizuri kwamba kinachoulizwa ni mahali anapolala. Angejibu kwa neno moja aende zake. Lakini nyuma yake Ndungu alikohoa, kikohozi cha mtu anayesubiri kusikia, na kikohozi hicho kilimkumbusha Mutiso nyumba yake ya kijijini, Mwala.

Hiyo ilikuwa nyumba ya haja. Aliijenga kwa pesa za kustaafu, vyumba vitano vya mawe, na ndani yake hakuishi mtu ila popo. Wakati wa kuijenga Kalekye aliomba kitu kimoja tu: sebule iwe na vigae vya buluu. Mutiso, kama ada, alikwenda maduka matatu. Vya buluu vilikuwa ghali kote kutatu. Vya bei nafuu vilikuwa vya kahawia, rangi ile ile ya ugoro. Akanunua vya ugoro. Krismasi iliyopita walipokwenda kuiona nyumba, Kalekye, ambaye jicho lilishaanza kumwingia ukungu bila yeye kujua, aliinama akapapasa sakafu kwa kiganja. "Ni buluu?" aliuliza. "Buluu kabisa," Mutiso alijibu, na mkewe akafurahi hadi akaimba. Uongo huo haukumgharimu hata senti, ndiyo maana hakuuandika popote. Picha ya sebule hiyo aliitia kwenye fremu, akaitundika ukutani pale pale Kambi Muru, juu ya kitanda.

"Mzee, ni kuta za nini?" Joan alirudia.

"Mawe," alisema Mutiso.

"Sakafu?"

"Vigae."

Mtu mmoja nyuma alipiga mbinja. Mutiso alisikia uti wa mgongo wake ukinyooka wenyewe.

"Choo iko ndani ama nje?"

"Ndani. Ya kuflashi." Nacho kilikuwepo kweli, bado kimevikwa nailoni ya dukani, kwa kuwa maji hayajafika Mwala.

"Mnapikia nini?"

"Gesi," alisema Mutiso, na shati lake likinuka mafuta ya taa.

"Eish, mzee kumbe umeomoka!" Joan alisema, akabonyeza. Kompyuta ilifikiri kidogo, kisha ikamjibu Mutiso kwa kadiri ya utajiri wake: shilingi elfu kumi na nane na mia nne kwa mwaka, zilipwe zote kwa pamoja.

Tabasamu lilimgandia usoni. Angeweza kusema, "Binti, hebu turudie." Maneno matatu ya kujishusha, jicho la mkewe lingekuwa limepona. Akageuka kidogo, akamwona Ndungu amekodoa macho kwa wivu, na wivu wa Ndungu ulikuwa mtamu mno kuutema.

"Hiyo ni sawa tu," alisema. "Mimi nalinganisha."

Akaondoka kifua mbele hadi alipokata kona. Nyumbani aliandika kwenye safu ya kwanza: GHALI MNO. SERIKALI HAINA HURUMA NA WAZEE. Akapigia mstari mara mbili.

Kotesheni ya pili ilimchukua wiki tatu kuipata, maana wakala wa kampuni ya binafsi, kijana wa tai nyekundu aitwaye Vincent, alikuwa mtu wa "nakuja sahii". Hatimaye walikutana kwenye hoteli ya chai. Vincent alifungua karatasi zenye picha za wazee wenye meno meupe wakicheka kwenye nyasi.

"Mzee wangu, hii kava ya wazee ni moto. Wewe na mathe, elfu arobaini na tisa kwa mwaka."

"Na jicho?"

"Jicho iko ndani. Ila huo ugonjwa mlikuja nao, so mnangoja mwaka moja ndio tuiguse."

"Na mwaka ukiisha?"

"Hapo sasa tunalipa. Nyinyi mnatoa tu asilimia ishirini."

Mutiso alichomoa kalamu. Arobaini na tisa sasa, arobaini na tisa mwakani, na asilimia ishirini ya sitini na tano. Akajumlisha mara mbili kwa sababu hakuamini. "Kijana, hii ni laki moja na elfu kumi na moja. Kwa jicho la elfu sitini na tano."

"Lakini mzee, unapata amani ya roho. Umri ni ngapi?"

"Sitini na saba."

"Basi uharakishe. Ukigonga sabini hatukuchukui."

"Yaani mnanitaka kabla sijawahitaji," alisema Mutiso. Vincent alicheka akasema hiyo ni poa, ataitumia kwa wateja wengine, na akamwachia Mutiso alipe chai zote mbili. Shilingi sitini. Mutiso aliziandika kwenye safu ya tatu.

Sasa alikuwa na bei mbili, na sheria inataka tatu. Alifikiria chama cha watu wa Mwala waishio Nairobi, ambacho amekichangia kila mwezi bila kukosa tangu ana nywele. Akasoma katiba yake kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Chama kilitoa jeneza, basi la kwenda nyumbani, hema mbili, viti mia moja na sufuria za kupikia waombolezaji. Kwa ugonjwa hakikutoa hata panadoli. Mutiso alifunga katiba akajicheka kwa uchungu. Kumbe bima aliyonayo, tena iliyolipiwa barabara, ni ya kufa tu. Akifa atahudumiwa kifalme. Shida ni kuugua.

"Baba Duncan," Kalekye alimwita jioni moja, akiwa amekaa mbele ya cherehani aliyoacha kuitumia, mikono mapajani. "Zimebaki siku ngapi?"

Kalenda ilikuwa ukutani mbele yake, hatua mbili. Mutiso aliitazama kwa niaba yake. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Mei.

"Bado ziko," alisema, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza. Hapo ndipo aliogopa kweli. Alimwona mkewe akigeuza uso kuelekea mlangoni, kuelekea mwanga tu, si kuelekea kitu.

Kesho yake alikwenda Kawangware kwa miguu. Huko Kabiro alikaa Shivachi, aliyekuwa dereva wa foklifti kiwandani, Mmaragoli mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Walistaafu siku moja, wakapewa saa za ukutani zinazofanana. Mutiso alijua kwamba Kavetsa, mke wa Shivachi, alifanyiwa upasuaji wa mawe ya nyongo mwaka uliopita, na Shivachi hakuuza hata kuku. Hiyo ingekuwa kotesheni ya tatu.

Chumba cha Shivachi kilikuwa cha mabati matupu, na Kavetsa alikuwa akichambua mboga za mrenda karibu na mlango. Mutiso alifungua daftari gotini.

"Ulilipa bima gani, Shivachi?"

"Ya serikali. Elfu tatu na mia sita kwa mwaka. Halafu pale hosi nikatoa elfu moja na kitu, dawa na nauli. Basi."

Kalamu ya Mutiso ilisimama hewani. "Tatu na mia sita? Iko vipi? Niko na rafiki yangu, yeye aliambiwa kumi na nane."

"Rafiki yako?"

"Rafiki yangu mmoja. Mstaafu tu, hali yake kama yetu."

"Aliulizwa maswali ya nyumba?"

"Aliulizwa. Akasema kuta za mawe, vigae, choo cha ndani."

"Huyo rafiki yako analala wapi?"

"Maeneo ya... huku Kibera Kibera."

"Kwa vigae?"

Kavetsa aliinamia mrenda, mabega yakaanza kucheza. Shivachi alijaribu kujizuia kwa sababu ya heshima, heshima ikamshinda, akacheka hadi akashika ukuta, na ukuta ukalia. Mutiso alijiona mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Mutiso, ndugu yangu, hata mimi niko na nyumba ya mawe huko Vihiga. Unaijua, ulikuja tukizika mama. Lakini mimi silali Vihiga. Nilipoulizwa nikasema ninalala hapa Kabiro, kwa mabati, choo tunashare watu kumi na mbili. Na jana nimelala hapa, panya ni mashahidi." Alijipangusa machozi. Kisha kicheko kikamwisha, akamshika Mutiso goti. "Mwambie huyo rafiki yako arudi aseme ukweli. Bibi yake anapofuka huku yeye akichunga kifua chake."

Kurudi Kibera Mutiso alitembea njia nzima akijisema. Mutiso, tajiri wa foleni. Mutiso, bwana wa vigae vya popo. Ulikataa kutoa maneno matatu mbele ya fundi viatu, ukampa mkeo miezi miwili ya giza. Alipofika karibu na Jamhuri alijikuta anaongea kwa sauti, na mama mmoja muuza mahindi akampisha njia kwa tahadhari. Hakuona haya. Haya zake zote alikuwa ameshazielekeza mahali pengine.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema ili awe wa kwanza kwa Joan, amnong'oneze, aondoke kabla watu hawajafika. Alikuta watu sita. Mbele kabisa alikuwa Ndungu. Mutiso alisimama nyuma yao mpaka zamu yake ikafika, na Ndungu, badala ya kwenda kwenye viatu vyake, akajiegemeza kwenye mlingoti wa stima akiwasha sigara.

"Nataka kubadilisha majibu," Mutiso alinong'ona dirishani.

"Ati?" Joan aliuliza.

"Majibu. Ya bima."

"Mzee, sikuskii! Majibu gani?"

Mutiso alipiga moyo konde. Akajua hakuna namna ya kusema jambo hili kwa Joan bila kulisema kwa mtaa mzima, basi akaona heri mtaa ulisikie kutoka kwake, mara moja.

"Kuta ni za udongo!" alisema kwa sauti. "Paa ni mabati, na linavuja juu ya kitanda. Choo ni kile cha kulipia shilingi kumi, pale chini. Tunapikia stovu ya mafuta ya taa. Gesi naionea kwa jirani. Ile nyumba ya vigae iko Mwala na wapangaji wake ni popo. Mke wangu haoni, tarehe ishirini na mbili ni upasuaji, na mimi nilidanganya kwa sababu mlikuwa mnasikiliza!"

Hata muziki wa Joan ulisimama. Mutiso alingoja kicheko, mabega yakiwa yamejikunja tayari kukipokea.

"Mwalimu," Ndungu alisema polepole, akiitoa sigara mdomoni, "kwani kusema hivyo inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwaje?"

"Si siku ile mimi nilikuwa nyuma yako? Ukasema mawe, vigae. Nikajua hivyo ndio inajibiwa. Na mimi nikasema ile yangu ya Murang'a, mawe na veranda. Nikaambiwa elfu kumi na sita." Alitema mate pembeni. "Sijalipa mpaka leo. Nimekuwa nikimeza dawa za presha za kukopa."

"Hata mimi," sauti ya kike ilisema nyuma. "Nilitaja ya baba yangu Kitui."

"Mimi nilisema tuko na borehole," alisema mzee mmoja kwa aibu.

Wote waliokuwa nyuma yake siku ile, kumbe, walimfuata Mwalimu mmoja baada ya mwingine, kila mtu akipandisha sakafu kidogo kumshinda aliyemtangulia. Hakuna aliyelipa. Joan alishika kichwa kwa mikono miwili. "Yaani nyinyi wote mliniuzia uongo, na mko hapa Kambi Muru nawaona kila siku?" Ndungu alitupa sigara, akajipanga nyuma ya Mutiso, na wengine wakajipanga nyuma ya Ndungu. Asubuhi ile pale dirishani ikawa foleni ya kurudi kwenye umaskini, watu wakiulizwa choo chao na kukitaja kwa sauti safi.

Kubadilisha, Joan alieleza, kulihitaji ombi, na mhudumu wa afya wa mtaa aje aone nyumba kwa macho yake. Mhudumu huyo, dada aitwaye Mwongeli, alifika tarehe kumi na nane akiwa na simu na mkoba wa maua. Mutiso, ambaye kwa miaka thelathini na minane alipokea wageni nje ili wasione ndani, alimkaribisha hadi uvunguni. Akamwonyesha ufa aliouziba kwa magazeti. Akaondoa kalenda ukutani ili tundu lililo nyuma yake lisisahauliwe. Akasimama juu ya stuli kuelekeza mahali mabati yalipotoboka kwa kutu.

"Na hapa, dada. Piga picha hapa. Kona hii maji huingia hata bila mvua."

"Baba Duncan, mwache mwenzio apumue," Kalekye alisema kutoka kitandani, lakini alikuwa akicheka, na Mutiso alikuwa hajamsikia akicheka tangu ile kola ya kijani.

Mwongeli alisimama mbele ya fremu. "Na hii sebule nzuri ni ya nani?"

"Ya popo," alisema Mutiso.

Nje Ndungu alikuwa amesimama akipaza sauti: "Dada, usikawie huko, njoo kwangu, kwangu ni pabaya zaidi!"

Jibu lilikuja kwa simu tarehe ishirini: shilingi elfu nne na mia mbili kwa mwaka. Mutiso alizihesabu kutoka kopo la majani chai akazilipa kabla ya kumaliza kusoma ujumbe. Zilibaki elfu nne na mia nane za nauli, matone na miwani. Kisha akafungua daftari kujaza bei hiyo, akaona kichekesho kilichokuwa kikimngoja. Wiki kumi za kulinganisha, viatu vimeisha visigino, chai za Vincent, safari ya Kabiro, na bei nafuu kuliko zote ilikuwa ile ya kwanza, kama angesema ukweli siku ya kwanza. Alikuwa amerudi kwenye kioski cha kwanza. Ni bahati tu kwamba mara hii sukari haikuwa imekwisha.

Upasuaji ulikuwa wa muda mfupi kuliko foleni ya kuungoja. Kesho yake bandeji ilipotolewa, Kalekye alipepesa jicho, akamtazama muuguzi, akatazama dirisha, kisha akamtazama mumewe kwa muda.

"Kumbe umezeeka hivi," alisema.

"Ni bima," alisema Mutiso, na machozi yalimtoka bila yeye kuyapangia safu.

Njiani Kalekye alisoma kila kibao kwa sauti. Alisoma kinyozi, akasoma kanisa, akasoma bei ya mayai akasema imepanda. Mutiso alimshika mkono akitembea kwa furaha, na furaha hiyo ilimfikisha hadi karibu na mlango wao. Hapo ndipo alipokumbuka fremu.

Alifikiria kutangulia aiondoe. Miguu haikukubali. Kalekye alishaingia. Alizitazama kuta zote nne, magazeti, tundu la kalenda. Alipanguza utando wa buibui kwa kidole. Kisha akainua uso juu ya kitanda, akaitazama fremu.

"Mutiso."

Si Baba Duncan. Mutiso.

"Eeh."

"Hii sakafu ni rangi gani?"

Majibu matatu yalimjia. Angesema picha imefifia kwa jua. Angesema jicho bado linapona, daktari alionya kuhusu rangi. La tatu lilikuwa ukweli. Aliyalinganisha kwa haraka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akachukua lililo ghali.

"Kahawia," alisema. "Buluu ilizidi kwa shilingi themanini kila boksi. Nikakwambia ni buluu kwa sababu ulikuwa huoni."

Kalekye alipitisha kidole juu ya kioo cha fremu, taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

"Niliinama pale nikapapasa kama mtu anayetafuta sindano," alisema. "Nikamshukuru Mungu kwa buluu. Niliimba, Mutiso."

Mutiso alitamani sakafu immeze, sakafu yoyote, ya rangi yoyote. Alisema "Nisamehe", likatoka dogo, akalirudia.

"Leta lile daftari," Kalekye alisema.

Akaleta. Kalekye alikaa kwenye stuli ya cherehani, akalifungua, akalisoma ukurasa kwa ukurasa kwa jicho lake jipya. Alisoma GHALI MNO, akaguna. Alisoma chai ya Vincent.

"Hii safu pana ni ya nini?"

"Kinachotoka mfukoni mwangu. Baada ya bima kulipa."

"Basi andika hapo. Vigae vya buluu, sebule nzima."

Mutiso alichomoa kalamu akaandika. Vigae vya buluu, sebule nzima. Kisha, mkono ukienda wenyewe kama ulivyokwenda kwa miaka thelathini na moja, ukachukua rula na kuanza kupiga mstari wa duka la kwanza, la pili, la tatu.

Kalekye aliiona. Akaikamata ile rula, akaitia kwenye droo ya cherehani, akaifunga.

"Duka moja," alisema. "Na rangi nitaangalia mwenyewe."